Mistari Minne

Jumatatu, 9 Septemba 1974, Masuguru

Mwalimu wa kisomo ametuambia tusiposhika kalamu kila siku, herufi zitatukimbia kama kuku wa jirani. Mimi nilifika darasa la nne enzi za Mwingereza, nikaolewa, nikafiwa na mume, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafagia na kubeba mabakuli wodi ya wanaume hapa Korogwe. Basi nimenunua daftari. Bismillahi. Nitaandika mpaka vuli iishe au kurasa ziishe.

Joto. Vumbi la barabara ya Handeni limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mvua bado.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefua mashuka ishirini na sita. Mvua bado.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo ameletwa fundi cherehani wa Mashewa, Yordani jina lake, mtu wa kama miaka sitini. Tepu yake ya kupimia bado imening'inia shingoni, maumivu yalimkuta kazini. Hakutaka kulala. Alikaa ameinama mbele, amekumbatia mto, akasema maumivu yanaingia chini ya kifua yanatokea mgongoni, kama sindano inayotoboa vitambaa viwili kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo mizaha haikumwacha. Nilipomtandikia alinitazama kwa jicho moja, akasema, "Kifua inchi thelathini na nane, mama, na usibishe."

Sista Lea, muuguzi wetu, ni wa milimani kama yeye. Akamwambia, "Yordani, hata hapa unapima watu?"

"Nisipowapima mimi mtanipima ninyi, na ninyi mnapima kwa sindano."

Wodi nzima ikacheka. Nilimwona anapumua upesi upesi, kama aliyetoka kupanda mlima, naye amekaa tu. Nikasema moyoni ni maumivu hayo. Nikaendelea na ndoo yangu.

Jumatatu, 16 Septemba

Yordani hatanii tena. Chupa yake ya mkojo nimeikuta kavu jana na leo. Nikajiambia mtu hajala wala hajanywa, huo mkojo utoke wapi? Nikaisuuza nikairudisha. Usiku sikupata usingizi, nikawa nageuka tu.

Jumanne, 17 Septemba

Yordani amefariki saa tano asubuhi. Mkewe aliniuliza kama tepu aichukue au azikwe nayo.

Mwezi umeonekana magharibi. Kesho tunafunga.

Alhamisi, 19 Septemba

Sikuweza kukaa nalo. Nilimngoja Daktari Mhina mlangoni pa ofisi yake. Ni kijana, mwanangu wa kwanza angekuwa hai wangelingana. Siku zote nilimwona ni mtu wa makaratasi, anayeshika kalamu kuliko anavyoshika wagonjwa.

"Bwana daktari, nina dhambi."

"Dhambi mpelekee shehe, mama Zamda. Mimi natibu malaria."

"Hii ni ya hapa wodini."

Nikamweleza pumzi za Yordani siku ya kwanza, na chupa kavu siku ya pili. Aliacha kuandika. Akaniambia nikae kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho sijawahi kukikalia.

Akanieleza hivi, nami naandika nisisahau. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, chembamba, kirefu kama ulimi wa ng'ombe. Kazi yake kutoa maji ya kuyeyusha chakula. Kikichafuka kinaanza kujiyeyusha chenyewe. Wengi hupona kwa kulazwa bila kula na kuwekewa dripu. Wachache, moto ule hautulii pale. Unashika figo, mkojo unakatika. Unashika mapafu, pumzi zinapanda. Na ubaya wake, siku ya kwanza wote wanafanana: yule atakayerudi shambani na yule atakayezikwa, wote wanalia tumbo.

"Nina rafiki yangu yuko ng'ambo," akasema, "amenitumia kurasa za madaktari wa huko. Wameorodhesha dalili za kuhesabu siku mbili za kwanza, ili ujue mapema nani anaelekea pabaya. Nusu ya vipimo hivyo maabara yetu haiwezi. Nimekuwa nazitazama kurasa hizi mwezi mzima kama mtu mwenye kufuli bila ufunguo. Nawe umeona dalili mbili kwa macho matupu."

"Nimeona lakini sikusema."

"Mimi nilipita pale mara mbili na sikuona." Alisema hivyo akitazama dirishani. "Ugonjwa huu unasema mapema, mama, ila unasema kwa sauti ndogo. Utanisaidia kusikiliza?"

Jumamosi, 21 Septemba

Kazi yangu mpya, juu ya ile ya zamani na kwa mshahara uleule. Kila anayeletwa na tumbo la namna ile namhesabia pumzi dakika nzima, kwa saa ya mfukoni ya marehemu mume wangu, aliyefanya kazi reli. Mkojo naumimina kwenye chupa tupu ya dripu, ile ya kioo yenye mistari. Napima mara mbili, alfajiri na magharibi. Mistari minne tangu kipimo hadi kipimo ni salama. Chini ya miwili, au pumzi zikipita thelathini, nimwite daktari hata kama tonge liko mdomoni.

Sista Lea ananiita Profesa wa Mikojo. Nimemwambia haya, nitakutahini.

Jumapili, 22 Septemba

Jambo moja limenikosesha raha tangu juzi. Kumtazama mtu aliye hai na kusema huyu anaelekea pabaya, je, si kupiga ramli? Ghaibu ni ya Mungu peke yake. Baada ya adhuhuri nimemwuliza shehe wetu. Naye akaniuliza mimi: "Ukiona mawingu upande wa Handeni, huanui nguo?"

"Naanua."

"Umepiga ramli?"

Basi. Ila mawingu yenyewe hakuna. Mvua bado.

Jumatano, 25 Septemba

Mzee Isihaka wa Kwedizinga. Tumbo lilelile. Pumzi 32. Chupa mstari mmoja, rangi ya chai nzito. Nilimkimbilia daktari mpaka kandambili ikakatika.

Dripu ikaletwa, mzee akakunja mkono wake. Amefunga. "Maji yakipita mdomoni ni maji, yakipita mkononi yatakuwa nini, mafuta ya taa?"

Daktari akanitazama. Nikamwambia, "Mzee, mgonjwa na msafiri wamepewa siku nyingine. Hujasoma?"

"Wewe umesoma wapi?"

"Kwa shehe, na mitihani nimefanyia kwa mume."

Akacheka, na kicheko kilimwuma, na mkono ukanyooka. Chupa nne kubwa zimeingia mpaka magharibi.

Alhamisi, 26 Septemba

Isihaka: pumzi 25. Mistari mitatu.

Ijumaa, 27 Septemba

Isihaka: 20. Mistari mitano na zaidi kidogo. Nimesimama nayo chupa ile mlangoni nikiitazama juani kama mtu anayenunua asali. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 30 Septemba

Isihaka amerudi kwao, tunabishana mpaka getini kama siku za kulipa ni sita au tano. Ni sita.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeletewa salamu na dereva wa lori. Huko Handeni wanahamisha watu kwenye kijiji kipya, malori yanabeba vitanda, kuku, milango. Binti yangu Zamda na mumewe wamepelekwa mbali na mashamba yao, nyumba hawajaezeka. Unga ni ule wa njano wa meli, na foleni yake ni ndefu. Mtoto wao mdogo anakohoa. Sijatulia. Nimesali dhuha nikasahau rakaa.

Na kwa kuwa daftari hili halina mdomo, nitaliambia: mkwe wangu Salimu simpendi. Mungu anisamehe, mwezi wenyewe mtukufu. Siku ya harusi nilimwona macho mekundu, na jirani yangu Hamisa alisikia kwa watu kwamba kijana yule anagusa pombe ya miwa. Nami nikalichukua neno hilo nikalifuga. Nimewaambia watu wawili, labda watatu.

Kuzungumza naye nijue ukweli siwezi. Kwetu Wazigua mkwe ni mkwe. Miaka minne sasa, hajaingia chumbani kwangu, hajala mbele yangu, tukikutana njiani anashuka pembeni kwenye majani mpaka nipite. Anaamkia akiwa nje ya mlango, nami naitikia nikiwa ndani. Heshima hiyo kila siku niliiona tamu. Humjui mtu, basi humchoki.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua bado.

Jumanne, 8 Oktoba

Alfajiri nimefika wodini, kitanda cha tano kina mtu amekaa ameinama mbele, amekumbatia mto. Sikuhitaji kuambiwa ugonjwa. Kisha nikamwona aliyemshika bega, Mwinjuma, kaka yake Salimu. Nikarudi nyuma mpaka nje.

Wamesafiri usiku kucha juu ya lori la mbao. Salimu alianza kuumwa juzi, baada ya kubeba nguzo za nyumba mpya siku nzima na kufuturu vizuri kwa watu. Zamda amebaki na watoto, hana wa kumwachia.

Mwinjuma alinifuata barazani, macho chini. "Shikamoo, mama. Tumekuletea mzigo."

"Marahaba. Si mzigo, ni mwana."

Sista Lea akaweka pazia kuzunguka kitanda, akanivuta pembeni. "Mama Zamda, utaweza?"

"Pumzi nitahesabu kutoka huku. Blanketi linapanda na kushuka, nalihesabu blanketi. Chupa ataishika Mwinjuma."

"Wala hakuna neno, nami naweza kuishika mimi."

Nikamwambia una wagonjwa thelathini na mikono miwili, Mwinjuma yupo. Nikamwonyesha Mwinjuma ile chupa ya mistari. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ndugu wengine wote: kila mstari una maana, minne tunashukuru, chini ya miwili tunamwita daktari. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Daktari alimwuliza Salimu kama anakunywa pombe. Nilisikia kwa nje ya pazia. Alisema, "Sijawahi." Nikaguna moyoni.

Magharibi: pumzi 22. Mwinjuma akasema kwa sauti ya chini, "Minne, mama." Nilishusha pumzi, nikaenda kufungua saumu kwa tende moja.

Jumatano, 9 Oktoba

Alfajiri: pumzi 26. Minne.

Daktari ametandaza karatasi yake. Umri wa Salimu ni mzuri, miaka thelathini na mmoja. Damu imepimwa, chembe nyeupe ziko juu kiasi. Pumzi zinapanda polepole. Akaniambia gari letu la Land Rover linakwenda Tanga kesho saa nne asubuhi kuchukua dawa, halitarudi mpaka Jumamosi. Hapa mtungi wa oksijeni ni mmoja na umekwisha nusu. "Anayeelekea pabaya aende kesho akiwa bado anaweza kukaa garini. Akichelewa, njia itammaliza. Lakini nikimtikisa bure mtu ambaye angepona hapa kwa kutulia, nimemwumiza. Chupa yake inasemaje?"

"Minne na minne."

"Basi figo zinafanya kazi. Tumwache atulie."

Nilifurahi. Nikamshukuru Mungu. Magharibi: pumzi 29. Minne.

Nimekaa na daftari hili kitandani, na raha ile ya mchana siioni. Nimekwenda dirishani mara tatu. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Naandika haya baada ya magharibi, herufi zimepinda, msomaji asinicheke, na msomaji ni mimi.

Alfajiri nilisimama nje ya pazia na saa ya marehemu. Blanketi lilipanda na kushuka mara 34. Nikahesabu tena, 34. Nikasikia anavyovuta hewa, kama msumeno kwenye mti mbichi. Nikamwita Mwinjuma barazani.

"Chupa?"

"Minne, mama."

Hapo ndipo neno lilinigonga. Minne Jumanne. Minne jana alfajiri, minne jana magharibi, minne leo. Nimebeba mikojo ya wanaume wa wilaya mbili kwa miaka kumi na moja, sijapata kuona mtu anayekojoa kama saa ya ukutani. Siku dripu imepungua unapungua, siku homa imepanda unapungua. Hakuna anayepiga mstari uleule mara nne.

"Mwinjuma, nitazame."

"Siwezi kukutazama, mama."

"Hiyo minne uliihesabu, au uliisema?"

Akakwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. Mwanamume mwenye watoto watano, na ndevu.

"Mwinjuma."

"Mama, ulitaka nikuambie nini?" Akageukia ukuta. "Nikuambie mkweo hana kitu? Kwamba anainuka, anahangaika, hatoki? Maneno ya sehemu hizo nitayapitishaje kinywani mbele yako? Ulisema minne ni salama. Nikakupa iliyo salama tuachane na hayo mazungumzo."

"Tangu lini hana kitu?"

"Jumanne kilitoka kidogo. Jana ilikuwa kidogo sana. Nilimwaga kabla hujafika, usije ukakuta."

Nilitaka kumpiga kofi. Naliandika ili nilikumbuke. Kofi lile halikutoka kwa sababu mkono wangu wenyewe ulijua ukweli: Jumanne Sista Lea alisema ataishika chupa yeye, nami nikamkatalia. Niliona haya hata jina la mkwe wangu litajwe na chupa kwenye sentensi moja mbele yangu. Nilipokea minne kwa sababu niliitaka minne. Mwinjuma alidanganya kwa heshima yangu, nami nilidanganyika kwa heshima yangu.

Sista Lea alikuwa wodi ya pili kwa mtoto mwenye degedege. Daktari alikuwa kwake, hatua mia mbili. Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu. Nikajua nikienda kwa daktari na maneno ya Mwinjuma ataniuliza, "Umeiona kwa macho yako?" Yordani nilimwona na sikusema. Huyu nilikuwa nasema bila kumwona.

Nikajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, nikashika pazia. Mwinjuma akatanguliza mkono kunizuia. "Mama, hapana. Mama, atakufa kwa haya."

"Kwa haya hajafa mtu bado. Sogea."

Nikaingia. Salimu alikuwa amekaa ameinama vilevile. Aliponiona alifanya kama mtu aliyemwagiwa maji, akataka kushuka upande wa pili wa kitanda na sindano mkononi.

"Salimu mwanangu, kaa. Funga macho. Mimi sikuoni wewe, naona chupa."

Akafumba. Nami kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu nikamtazama uso. Midomo mikavu imepasuka. Pua zinapanuka kama za ndama aliyekimbizwa. Na pembe za macho, pale kope zilipokuwa hazijakutana vizuri, nyeupe yake haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya manjano.

Chupa ilikuwa chini ya kitanda imefunikwa na taulo. Nikaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nusu ya mstari, nusu ya ule wa kwanza, nyeusi kama kahawa ya msibani.

Nilikimbia nayo. Nilipita uwanja wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na saba, kanga imenianguka mabegani, chupa mkononi, watu wa foleni wananipisha. Daktari alinifungulia akiwa na sabuni kidevuni. Niliinua chupa. Niliweza kusema tu, "Minne yote ilikuwa ya uongo. Na kosa ni langu."

Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Alifuta sabuni kwa mkono wa shati. Ndani ya nusu saa Salimu alikuwa na dripu mikono miwili, mpira wa mkojo umewekwa, oksijeni puani. Karatasi ile ikatandazwa tena, daktari akafuta alama moja akaandika nyingine, na hesabu yote ikageuka. "Anakwenda Tanga," akasema. "Sasa, kabla ya joto."

Dereva alipiga honi saa mbili kasoro. Alikuwa amepanga kunywa chai kwanza, kwani yeye hafungi. Sista Lea akamwambia chai ataikuta Muheza. Wakamweka Salimu nyuma, nusu kukaa, Mwinjuma anashika chupa moja juu, Sista Lea nyingine. Alipobebwa kupita mbele yangu aligeuza uso kwenye turubai la gari.

Nikamwuliza daktari, "Nimechelewa?"

"Jana magharibi ingekuwa bora kuliko leo," akasema. "Leo ni bora kuliko kesho. Zaidi ya hapo, sijui, mama. Karatasi inahesabu, haiapi."

Gari likaondoka. Vumbi likakaa hewani muda mrefu, hakuna upepo wa kuliondoa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hakuna habari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sista Lea amerudi na gari. Anasema Salimu amefika hai. Zaidi hajui. Amelala kwenye kiti cha ofisi na viatu miguuni.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua.

Ilianza saa nane mchana, matone makubwa machache, kisha bati lote likapiga kelele. Watu wa Masuguru walitoka nje na ndoo wakicheka. Mimi nilikaa mlangoni, na furaha ikanipita.

Karibu na magharibi nikaona mtu amesimama chini ya ukingo wa nyumba ya jirani, amelowa. Mwinjuma. Amerudi kwa treni kuwapa habari nyumbani, na lori la Handeni halipiti, barabara imekuwa uji.

"Shikamoo, mama. Napita tu."

"Unapita wapi na wewe umesimama?"

Habari yake: Salimu hasemi, amevimba, wanamwekea maji na kuyapima. Chupa wanaipima wenyewe, tena kila saa, na wala hawamwulizi ndugu. Alisema hivyo bila kukusudia mzaha, lakini tulitazamana, kwa mara ya kwanza, na sote wawili tukashika vinywa. Haikuwa kicheko hasa.

Nimempikia uji na maharage, akafuturu barazani, nami ndani. Kabla ya kulala kule kwa jirani alisema kupitia mlangoni, "Mama, nilidhani namsitiri."

"Ulinisitiri mimi. Ndiyo ubaya wake."

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Hakuna habari. Nimesali mpaka magoti yanauma.

Alhamisi, 17 Oktoba, Idi

Watoto wa jirani wamekuja na nguo mpya. Nimewapa kaimati. Sikukaanga nyama. Wodini kuna wagonjwa wa malaria tu, kitanda cha tano kitupu, natandika shuka lake kila siku kama kuna mtu.

Jumanne, 22 Oktoba

Daktari Mhina amepiga simu Tanga asubuhi, akanifuata mwenyewe kwenye beseni la kufulia. Nilijua anavyotembea mtu mwenye habari mbaya, na hakutembea hivyo.

"Figo zimeamka," akasema. "Jumapili yote mkojo ulikuwa kidogo. Jana lita moja. Leo alfajiri tayari lita moja."

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Na wamepiga picha. Ana vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Kimoja huenda kilishuka kikaziba njia, ndipo kongosho ikachafuka. Atapasuliwa baadaye akipata nguvu. Si pombe, mama. Hukuniuliza, lakini nadhani ulikuwa unaniuliza."

Jioni nimekwenda kwa Hamisa. Nimemwambia neno la pombe nililolipeleka kwa watu nimelirudisha, na alipeleke kote alikolipeleka yeye. Akasema, "Maneno si kuku, mama Zamda, hayarudi bandani."

Nikasema najua. Nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu.

Jumapili, 3 Novemba

Salimu amerudi kwa treni ya asubuhi, Zamda amekwenda kumchukua, mtoto mgongoni. Nilisimama mwisho wa jukwaa la stesheni, karibu na mizani. Amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Aliponiona alishuka jukwaani akasimama kwenye kokoto za reli, uso chini, mpaka nipite. Mgonjwa wa juzi, anashuka kwenye kokoto.

Nilipita. Sikuangalia nyuma. Lakini nilikwenda polepole sana, nikasikia anavyopumua. Taratibu.

Zamda alinifikia akanipa kanga mpya imekunjwa. "Ametuma. Anasema ni ya kufunika lile la siku ile."

Kwetu mkwe akiona kisichopasa, kitu hutolewa, na aliyepewa hutoa naye. Nimempa Zamda tetea wangu mweupe ampelekee. Lile limefunikwa.

Jumatano, 6 Novemba

Kitanda cha tano kimepata mtu, mchoma mkaa. Tumbo lilelile. Pumzi 24. Chupa nimeishika mwenyewe.

Nimemwambia Daktari Mhina: toka sasa, aliye na mkwe wodini asipime, na ndugu asipime, kwa mapenzi mtu atasema minne. Ameliandika kwenye karatasi yake, chini ya dalili za wale wa ng'ambo, kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 16 Novemba

Kurasa zimebaki mbili. Mahindi ya vuli yametoka nyuma ya nyumba, kila shimo mawili.

Lori la Handeni limenishushia bahasha. Ndani kipande cha daftari la kisomo, kumbe kijijini kwao nako wanasoma. Herufi kubwa kubwa, zinapanda mstari na kushuka, mkono wa Salimu mwenyewe:

KWA MAMA. SHIKAMOO. PUMZI JUMAPILI ALFAJIRI 16. MAGHARIBI 17. JUMATATU 16. MAGHARIBI 21 NILITOKA KUPALILIA. JUMANNE 15. MAGHARIBI 18. TUMEEZEKA NYUMBA.

Chupa hakuitaja, na amefanya vizuri.

Nimesoma namba zile mara nyingi, kwa kidole, kama uradi. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na sita, ishirini na moja, kumi na tano, kumi na nane. Hazifanani hata siku moja na siku nyingine. Ni za kweli.